Utukufu wa Biwi Nyuma ya Jiko

Miongoni mwa mali zote za kaya, hakuna iliyotukanwa kwa muda mrefu na kuvumilia kwa heshima kama biwi la mboji, yaani lundo la taka za jikoni na za bustani linalooza kwa mpango mpaka likawa mbolea. Huwekwa karibu na banda la kuku, mahali ambapo mgeni hapelekwi, na siku wakwe wanapotarajiwa hufunikwa makuti kana kwamba ni aibu ya ukoo. Makala haya yanakusudia kulirudishia biwi haki yake, na kuonyesha kwamba kila kinachohesabiwa kuwa kosa lake, kikitazamwa kwa utulivu, na ikiwezekana kutoka upande unakotoka upepo, ni fadhila.

Ukarimu wake haukanushiki. Hupokea maganda ya ndizi, machicha ya nazi, majani ya chai yaliyokwisha nguvu, samadi ya mbuzi, na hata magugu ambayo mwenye bustani ameyang'oa kwa laana, wala halimuulizi yeyote kati yao ametoka kwa nani. Hata hivyo lina miiko yake: halitaki plastiki, wala mafuta ya kukaangia, wala mabaki ya nyama, ambayo huwaita panya na paka wa mtaa mzima. Tena ni lenye kuchagua mlo, kwani hustawi pale ambapo kaboni, inayopatikana kwa wingi katika vitu vikavu kama mabua na majani yaliyopukutika, huwa mara 25 hadi 30 ya naitrojeni, ambayo hupatikana zaidi katika majani mabichi na kinyesi cha mifugo. Mkulima asiye na maabara hulitimizia haja hiyo kwa kupanga tabaka nene la vikavu, kisha la mabichi, kisha samadi na udongo kidogo, akirudia hivyo hadi kimo cha mita moja au zaidi, kwa kuwa lundo dogo kuliko hapo halihifadhi joto.

Washtaki hutaja kwanza uvundo, na hapo ndipo wanapojidhihirisha kuwa hawajui kusoma. Biwi likitoa amonia, gesi ileile inayochoma pua katika banda la kuku lisilofagiliwa, linaarifu kwamba naitrojeni imezidi na kwamba vikavu viongezwe. Likinuka mayai viza, linaarifu kwamba maji yamejaa, hewa imekosekana, na bakteria wasiohitaji oksijeni wameshika hatamu, hivyo ligeuzwe kwa uma bila kuchelewa. Ni wategemezi wangapi wanaomweleza mwenye nyumba kosa lake waziwazi namna hiyo, bila kupitia kwa majirani? (Ni kweli kwamba majirani nao hupata habari, lakini hilo ni suala la pepo za kusi na kaskazi.)

Fadhila iliyo kuu zaidi ni ya kisiasa. Siku za mwanzo biwi hutawaliwa na bakteria wa joto la kadiri, ambao kwa kula kwao huzalisha joto. Joto hilo likipita nyuzi 40 za sentigredi, wao wenyewe hushindwa kulistahimili na kuwapisha bakteria wapenda joto, ambao hulipandisha hadi nyuzi 55 au 65, kiwango kinachoua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya maradhi. Chakula laini kikiisha, hao nao hung'atuka, biwi hupoa, na zamu huchukuliwa na kuvu pamoja na aktinomiseti, yaani bakteria wanaojitanda kwa nyuzinyuzi, ambao ndio wanaoupa udongo harufu yake wakati wa mvua ya kwanza. Mwisho huingia nyungunyungu. Katika mpito huo wote hakuna anayebadili katiba ili aongezewe muhula. Raia anayetaka kujua nani yuko madarakani huchomeka kijiti kirefu kwa mshazari hadi kiini cha biwi na kukichomoa baada ya siku chache: kikiwa cha moto, kazi inaendelea, kikiwa kikavu chenye utando mweupe, biwi linadai maji.

Biwi halikukosa pia wasomi wa kulipigia debe. Albert Howard, mtaalamu wa mimea kutoka Uingereza, alifanya kazi mjini Indore, India, kati ya 1924 na 1931, akajifunza kwa wakulima wa huko, na kuandika utaratibu wa kutengeneza mboji unaojulikana kwa jina la mji huo. Wachagga wa Kilimanjaro hawakuusubiri: katika vihamba vyao, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, samadi ya ng'ombe wa bandani imerudishwa kwenye mashina ya migomba kwa vizazi. Howard alitunukiwa cheo cha Sir mwaka 1934. Wachagga walivuna ndizi.

Liko shtaka moja zito, na mtetezi mwaminifu hana budi kulikiri. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, ilhali mboji ya nyumbani kwa kawaida huwa na asilimia 1 au 2 tu, kwa hiyo anayelima ekari kadhaa za mahindi na kulitegemea biwi pekee anajitafutia njaa. Lakini urea haiufanyi mchanga wa pwani ushike maji, wala hailegezi mfinyanzi uliokakamaa, wala haijawahi kula ganda la ndizi.

Kwa matuta ya mchicha na sukuma wiki nyuma ya nyumba, debe moja kwa kila mita ya mraba linatosha. Anayeitaka mboji ya mvua za vuli za Oktoba na alipange biwi lake mwezi Julai, alinyweshe mpaka konzi yake ikikamuliwa itoe matone machache tu, na aligeuze kila baada ya wiki tatu.