Petroli Nayo Iuzwe kwa Vifurushi: Barua ya Wazi kwa RURA

Waheshimiwa wa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma Rwanda,

Nawaletea ombi dogo kutoka Ndera, wilaya ya Gasabo. Mji mzima wa Kigali unaijua Ndera kwa hospitali yake ya magonjwa ya akili, kwa hiyo sina haja ya kueleza kwa nini barua hii imetokea huku. Ninyi ndio mnaotangaza bei ya petroli kwa lita, ya umeme kwa kilowati-saa na ya basi kwa kilomita. Kazi safi, ila haina uhondo. Uhondo mmeuacha kwenye simu, na wanaoufaidi zaidi ni wageni. Mtu aliyetoka Goma kuja kusoma chuo kikuu cha AUCA pale Masoro, au fundi aliyeletwa na kiwanda cha Eneo Maalumu la Kiuchumi, anasajili laini kwa pasipoti, anaweka salio, kisha anafunguliwa menyu. Kuna kifurushi cha siku, cha wiki, cha mwezi na cha usiku. Kuna dakika za mtandao uleule na za mitandao yote. Kuna megabaiti zilizofungwa pamoja na SMS ambazo siku hizi haziandikwi na mtu. Kipi nafuu? Abonyeze 1 aone.

Naomba basi haki itendeke kwa huduma zote. Petroli nayo iuzwe kwa vifurushi: lita tano za wiki, zinazokufa Jumapili saa sita usiku hata kama bado zimo tangini, lita za alfajiri kwa wasiolala, na lita za bei poa zinazofanya kazi kati ya Remera na Ndera tu, ukikata kona kuelekea Kimironko unatozwa bei ya kawaida. Mwendesha pikipiki atakayeuliza lita moja ni faranga ngapi ajibiwe kuwa amepitwa na wakati.

Mtanijibu kwamba petroli inakaa tangini, ilhali nafasi ya mtandao isiyotumika leo imepotea. Hoja nzito, na ningeipokea kwa mikono miwili kama usingekuwepo umeme wa kulipia kabla, Cashpower. Umeme nao ni vigumu kuuweka ghalani, lakini uniti alizonunua mtu Januari zinamwashia taa Machi, wala hapokei ujumbe saa tano usiku wa kumhimiza azimalize. Tena bei yake ina ngazi kulingana na matumizi, na ngazi hizo mmezichapisha hadharani. Kumbe bei yenye mikunjo inaweza kuelezwa, mwenye mamlaka akitaka.

Mtasema ushindani utarekebisha. Airtel iliinunua Tigo ya hapa mwaka 2018, na tangu hapo mgeni anayeingia Kigali anachagua kati ya miavuli ya mawakala wa kampuni mbili, wa njano na mwekundu. Wawili wanaweza kushindana vizuri tu, ikiwa mnunuzi ana kipimo kimoja cha kuwalinganisha. Sisemi mpange bei. Tanzania ilipoanza kutumia kanuni mpya za vifurushi tarehe 2 Aprili 2021, gharama zilipaa, wananchi wakapiga kelele na serikali ikasitisha. Ninachoomba ni kwamba kila kifurushi kionyeshe, kwenye menyu ileile, bei ya megabaiti moja na ya dakika moja kwenda mtandao wowote. Muda wa mwisho nao uandikwe kwa saa na tarehe. Na mkipenda kwenda mbali zaidi, wenye kuogopa kwamba mitambo itaelemewa vifurushi vikiacha kuisha muda waangalie Kenya: Safaricom ilianza kuviuza vya aina hiyo Oktoba 2019, na bado iko hewani.

Kuna atakayesema mgeni abaki na laini ya kwao, maana Afrika Mashariki imepunguza gharama za kupiga simu kuvuka mipaka. Kwa kupiga, sawa. Lakini laini ya Nairobi haifungui *182#, namba ya kulipia kwa simu, na bila namba hiyo kulipia nyanya sokoni kunakuwa kazi. Laini ya hapa si anasa, na ndiyo maana anayeinunua hana budi kuingia kwenye menyu ile akiwa hajui kitu.

Nasubiri majibu yenu. Mkitaka kunipigia, pigeni wakati wowote. Kupokea ni bure. Kuwapigia mimi ndiko kutakakotegemea kifurushi.

Wenu mtiifu,
Mkazi mgeni wa Ndera