Hata Moja ya Bure Huna?

Ukishajulikana mtaani kwamba wewe ni mpenzi wa michezo ya kuigiza, watu huamini kuwa chini ya kitanda chako kuna ghala la tiketi. Mtu ambaye hajawahi kumwomba mwenye duka kilo ya sukari ya bure, wala kumwambia makanga amwachie nauli kwa kuwa anamfahamu dereva, hunipigia simu Ijumaa alasiri na kuuliza bila haya: "Wikendi hii kuna kitu National Theatre? Hata moja ya bure huna?" Nikimweleza kwamba mimi mwenyewe nimelipa shilingi 1,000, hunipa pole.

Bingwa wao ni binamu yangu. Alisoma shule moja ya msingi na mwigizaji fulani, na tangu jamaa huyo aanze kuonekana jukwaani, binamu amekataa katakata kulipia mchezo wowote jijini Nairobi, hata ule ambao mwenzake hamo. Hufika mlangoni, akarekebisha kola ya shati na kutangaza, "Mimi ni mtu wa nyumbani." Jioni moja akakutana na bawabu aliyechoka. "Mzee," bawabu akamwambia, "watu wa nyumbani wote wako ndani na viti wameshavijaza. Sasa tunatafuta wageni."

Sisi wageni, basi, tunalipa. Kulipa nako kuna visa vyake. Siku hizi bango la mchezo huwa na picha ya waigizaji waliokasirikiana, saa mbili za maonyesho, na nambari ya kulipia kwa M-Pesa. Kikundi kimoja kilichokuwa bado hakijapata nambari yake kiliazima ya saluni ya mke wa mwandalizi. Nililipa, nikapokea ujumbe wa kuthibitisha kwamba saluni hiyo imepata hela zangu, nikaenda zangu ukumbini kwa raha. Binti wa mlangoni akausoma ujumbe, akausoma tena, kisha akaniinulia macho hadi kichwani. Nina kipara kisicho na ubishi.

"Mzee, hapa inasema umelipa saluni."

"Ndiyo. Ndiyo tiketi yenyewe hiyo."

"Saluni ulienda kufanya nini?"

Foleni ikachangamka. Mama mmoja nyuma yangu akanitetea kwamba huenda nilikwenda kutengeneza kucha. Ilibidi aitwe mwandalizi mwenyewe, akaja mbio na daftari la mkewe, akapekua, na kweli jina langu akalipata, limeandikwa kwa mwandiko mzuri katika ukurasa wa wateja wa kusuka. Nikaingia. Usiku kucha binti yule alipokuwa akipita na tochi, aliimulika njia kidogo na kichwa changu zaidi.

Tuseme umeingia. Sasa subiri. Bango husema saa tisa alasiri na saa kumi na mbili na nusu jioni. Mimi niliyelelewa na mwalimu mkuu hufika dakika thelathini kabla, jambo ambalo katika ukumbi wa maonyesho linakuweka pamoja na mafundi wa taa na paka. Onyesho la saa tisa huanza saa kumi, kwa hivyo sisi wa saa kumi na mbili na nusu husimama nje ya mlango tukisikiliza kicheko cha mchezo ambao tumeulipia lakini hatujauona. Mara mlango unafunguliwa, watu wa alasiri wanatoka wakifuta machozi, na mmoja wao lazima aongee kwa sauti ya kumfikia chifu: "Lakini mimi nilijua! Nilijua tangu mwanzo kwamba yaya ndiye mke wa kwanza!" Foleni nzima ya jioni huinamisha vichwa. Saa mbili zinazofuata tunamtazama yaya akipepeta mchele, na hakuna hata mmoja wetu anayedanganyika.

Hasara hiyo ina mwenzake. Mchezo ulioanza kwa kuchelewa humalizika kwa kuchelewa, na mimi ninaishi Rongai. Nauli ya Rongai hupanda giza linapoingia, na ikinyesha haina mwisho. Ikifika saa tatu usiku utaona wapenzi wa sanaa wakianza kuinuka mmoja mmoja, wameinama, wanaomba radhi kwa magoti ya wenzao: wa Kitengela kwanza, kisha wa Ruiru, kisha sisi. Kwa sababu hiyo ninazo tamthilia kadhaa ambazo kwangu mimi mhusika mkuu bado hajafa. Binamu yangu, ambaye hukaa karibu na mjini, amewahi kunisimulia miisho hiyo. Simsikilizi. Hakuilipia.

Na kati ya mwanzo usiosubirika na mwisho usioonekana, kuna majirani wa kiti. Yupo anayemweleza mwenzake kila kinachotendeka, ingawa wote wawili wana macho. Yupo aliyebeba njugu katika karatasi inayopiga kelele kuliko ngoma ya jukwaani. Lakini wa kukumbukwa ni bwana mmoja aliyeketi safu ya pili, katika mchezo wenye tukio la msiba. Marehemu amelazwa jukwaani chini ya shuka jeupe, mjane analia, ukumbi umetulia tuli. Simu ya bwana ikaita. Akaipokea. Akasema kwa mnong'ono uliofika hadi kwenye ngazi, "Siwezi kuongea, niko matangani." Upande wa pili ukawa na wasiwasi, maana akaongeza, "Hapana, humjui. Ndiyo, maiti iko hapa mbele yangu." Shuka likaanza kutikisika. Mjane akaona hatari, akajitupa juu ya marehemu na kulia kwa nguvu zake zote ili amfiche. Nimeona waigizaji wengi wakisifiwa kwa kilio, lakini kilio cha kazi namna hiyo sijakiona tena.

Stima nazo zina mchango wao. Ziliwahi kupotea katikati ya mchezo mzito wa kisiasa, mhusika akiwa ndio kwanza amesema, "Nchi hii…" Giza totoro. Tukapiga makofi. Tukangoja. Nyuma yangu mtu mwenye sauti ya kisomi akamweleza msichana aliyekuja naye kwamba mwelekezi huyu ni hatari, kwamba giza hilo ni sitiari ya utawala, na kwamba urefu wake ni wa makusudi ili tuanze kujiuliza maswali. Tukajiuliza maswali. Hatimaye mwigizaji akatokea na tochi ya simu, akasema, "Poleni jamani, ni stima. Jenereta haina mafuta, kuna kijana ametumwa." Yule msomi hakushtuka. Alisema kijana aliyetumwa mafuta naye ni sitiari.

Hata hivyo, anayetaka kuijua hadhira ya kweli asiishie mjini. Aende katika bwalo la shule siku kikundi kinapoleta kitabu cha mtihani. Rafiki yangu mwalimu alinialika wakati *Kigogo* ya Pauline Kea ilipokuwa ikitahiniwa katika KCSE. Wanafunzi walikuwa wamebanana hadi madirishani, na kila mmoja alikuwa na kitabu kimefunguliwa magotini. Hawakuja kuburudika. Walikuja kukagua. Majoka, yule mtawala wa Sagamoyo ambaye kila mtu katika tamthilia anamwogopa, aliingia kwa vishindo, akaanza kunguruma, na kwa bahati mbaya akaruka ukurasa. Kurasa za vitabu zikafurukuta bwalo zima. Kisha msichana mmoja wa kidato cha tatu akasimama na kumwambia, "Hapo bado! Ashua hajaingia!" Majoka akakohoa, akatazama pembeni, akarudi alikotakiwa kuwa. Ndiyo mara pekee niliyomwona Majoka akiwatii wananchi, na sidhani kama mwandishi angelalamika.

Zamani visa hivi vilikuwa vikinikera. Niliamini kwamba hadhira yetu haijastaarabika, kwamba kwingine watu huketi kimya, huvaa vizuri na kukohoa wakati wa mapumziko tu. Kilichonigeuza ni kusoma historia ya jukwaa letu wenyewe.

Kenya National Theatre ilifunguliwa 1952, enzi ya mkoloni, mkabala na Hoteli ya Norfolk, na uhuru ulipokuja ukumbi haukubadilika upesi. Mnamo Oktoba 1976, *The Trial of Dedan Kimathi* ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo ilipoigizwa hapo, waandalizi walilazimika kuzozania hata siku za kuutumia ukumbi, maana ratiba ilikuwa imejaa maonyesho ya wageni. Siku walizopata zilikuwa chache. Lakini onyesho la kwanza lilipofikia wimbo wa mwisho, watazamaji hawakubaki vitini wakipiga makofi ya adabu. Walijiunga na waigizaji, wakatoka nao nje wakiimba na kucheza. Hakuna aliyewaambia kwamba mtazamaji hukaa chini.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kamĩrĩĩthũ, kule Limuru. Wanakijiji walijijengea ukumbi wa wazi kwa mikono yao wenyewe, wakafanya mazoezi ya *Ngaahika Ndeenda*, iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalikuwa hadharani, kwa hivyo kila aliyepita alisimama, akatazama, akasahihisha. Wazee walisema wazee hawaongei hivyo. Wafanyakazi wa viwandani walisema kiwandani mambo hayaendi hivyo. Yaani yule msichana wa "Hapo bado!" alikuwa na mababu, na tamthilia iliandikwa upya kwa masahihisho yao. Ilianza kuonyeshwa Oktoba 1977, Novemba ikapigwa marufuku, na siku ya mwisho ya Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Mwaka 1982 serikali ilituma askari kuubomoa ukumbi wenyewe. Wakubwa walielewa nguvu ya watazamaji wanaojibu kuliko nilivyoelewa mimi.

Tamthilia hiyo ilirudi Mei 2022, safari hii katika Kenya National Theatre, kwa Kigĩkũyũ na kwa Kiingereza. Mimi nilichagua Kigĩkũyũ, nikaketi karibu na nyanya mmoja aliyekuwa amejifunga leso mbili kwa sababu ya baridi. Kila tajiri wa mchezo alipofungua kinywa, nyanya alimjibu. Alimjibu kabla ya waigizaji, na mara nyingi alimjibu vizuri zaidi. Vijana wawili wa mbele waligeuka kumwambia anyamaze. Nikawaambia wao ndio wageuke watazame mbele, tunakosa mazungumzo. Wakati wa mapumziko nikamuuliza kama hana hofu ya kuchelewa matatu. "Mwanangu," akasema, "mimi nimelipa. Sitoki mpaka nione huyu mwizi amefanywa nini."

Jibu hilo lina mambo mawili, na watu wengi wa mjini huchukua moja na kuliacha la pili. Kuongea wanaongea. Kucheka wanacheka. Kumsahihisha Majoka wako tayari. Ila hiyo "nimelipa" ndiyo inayowashinda. Wanataka kuwa wenyeji wa jukwaa bila kutoa hata senti, ilhali wenyeji wa Kamĩrĩĩthũ walitoa jasho la kulijenga. Na makofi hayalipi kodi ya nyumba. Phoenix Players, kikundi kilichowalea waigizaji wengi katika ukumbi wake mdogo wa Professional Centre, kilifunga milango 2017 baada ya shida za fedha za muda mrefu. Siku ile kila mtu mjini alisikitika, na kila mtu alikuwa na kumbukumbu ya mchezo mmoja mtamu aliouona pale. Ningependa kujua wangapi kati yao waliingia kama watu wa nyumbani.

Kwa hiyo nimeshaacha kulalamikia kelele. Anayetaka kumjibu yaya na amjibu. Anayetaka kumlilia marehemu na alie. Msomi wa sitiari naye aendelee kumfundisha msichana wake gizani. Mchezo wetu haukuzaliwa katika ukimya na hautakufa kwa kuongea. Utakufa kwa sababu ya viti vilivyojaa watu ambao hawakulipa. Bei ya tiketi moja ni sawa na ya kuku nusu na chipsi, na kuku hajawahi kumfanya mtu yeyote atoke mkahawani akicheza hadi barabarani.

Njoni, basi. Njoni mapema, mkae, mseme, mcheke, msahihishe. Lakini kwanza lipeni mlangoni, hata kama risiti itasema mmesukwa nywele. Na mkishaketi, tafadhalini, zimeni simu.