Kutoka Kenya Hadi Kenya: Sauti Haina Hatimiliki

Ndugu zangu wa nyumbani, salamu nyingi kutoka Kenya. Msichinje kuku, sijarudi. Kenya hii ni komini mojawapo kati ya saba za mji wa Lubumbashi, na kutoka huku hadi Nairobi ni safari ya kuuza ng'ombe. Mmeuliza kama mtangazaji aliyetimiza miaka hamsini, huku kituo kikianza kumwonyesha mlango, anafaa kuhamia biashara ya nyumba na ploti. Anafaa, lakini kwa sharti moja: sauti yake aiache studio, abebe ile tabia ya chumba cha habari ya kutosoma jambo kabla halijahakikishwa.

Sauti ni mtaji wa hatari. Agosti 1, 1982, huko nyumbani, waasi wa jeshi la anga walikuwa na bunduki na ndege za kivita, lakini walijua hayo hayatoshi. Walimfuata mtangazaji Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake, wakamlazimisha kutangaza kupitia Sauti ya Kenya kwamba serikali imepinduliwa. Wananchi walikuwa wakimsikiliza tangu 1966 akiwafundisha ungwana, sasa nani angebisha? Siku haikuisha kabla mapinduzi hayajazimwa. Ikiwa sauti inayopendwa, tena iliyowekewa mtutu, iliweza kutangaza serikali isiyokuwepo, sauti iliyowekewa komisheni itashindwaje kuuza ploti ya hamsini kwa mia isiyokuwepo?

Huku Lubumbashi wameshalielewa jambo hilo. Kuta za lupango, ndivyo wanavyoiita ploti, huandikwa kwa herufi kubwa kwamba haiuzwi, maana mwenyewe akisafiri anaweza kurudi akute imeshauzwa na mtu mwenye maneno matamu. Sheria ya 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia, na ushahidi wake ni cheti cha usajili. Sheria ya 2015 nayo inataka amana ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu, ingawa wapangaji hudaiwa zaidi. Katika hali hiyo komisionere, yaani dalali wa huku, anayemfaa mteja ni yule anayejua nani analala ndani ya nyumba, nani anaidai na nani ana cheti. Hizo ni kazi za mwandishi wa habari. Tofauti ni kwamba hapa analipwa kwa kujibu.

Mtasema mtu wa miaka hamsini amechelewa kuanza shule. Shule ipi? Kuhoji majirani, kusoma kesi mahakamani na kulinganisha maneno ya huyu na ya yule ni mambo aliyoyafanya miaka thelathini. Kilichobaki ni kujisajili kama sheria inavyotaka na kuizoea Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni wa huko nyumbani, iliyozinduliwa 2021. Mtasema tena kwamba akichunguza mno, komisheni itamponyoka. Ya mwezi huu, ndiyo. Lakini kosa la redio husahihishwa katika taarifa ya saa tatu, na kosa la ploti husahihishwa na tingatinga. Waulizeni waliokuwa na biashara ndani ya Ukay Centre pale Westlands, Nairobi, iliyobomolewa Agosti 2018 kwa kujengwa ukingoni mwa mto. Kijana akiharibu jina ana muda wa kutafuta lingine. Mzee hana muda huo, na ndiyo sababu ya kumwamini zaidi.

Kuna hoja moja nzito: wapo watangazaji waliozoea bahasha za hongo, na desturi hiyo haina mpaka, kwani huku Kongo pia ipo. Aliyeizoea atahamia nayo kwenye ploti. Hoja hiyo naikubali. Huyo namshauri abaki redioni, au agombee ubunge.

Basi mstaafu wa studio akibisha hodi, mwulizeni namba ya hati na jina la mwenyewe. Akijibu kwa sauti nzito, mpeni chai mumsindikize. Akijibu kwa karatasi ya sachi, yaani ya upekuzi wa hati, mlipeni komisheni yake yote, wala msimwombe punguzo.

Ndimi wenu wa Kenya ya pili.