Bahasha Tupu ya Shemeji

Kaka wa mke wangu, ambaye tunaishi naye hapa St. Paul, Minnesota, kwa makubaliano ya "kukaa kidogo tu nikitafuta pa kushika", amenunua bahasha. Si pakiti ya bahasha. Ni bahasha moja kuukuu, kingo zimegeuka manjano, ina stempu ya senti 3 na muhuri mweusi wa mviringo uliogongwa vizuri. Bei yake ingetosha bili ya umeme, na bili ya umeme ninaijua kwa sababu huwa nailipa peke yangu.

Niliishika juu ya taa ya jikoni nikachungulia. Ndani mlikuwa na kadi nyeupe, haijaandikwa hata nukta.

"Barua iko wapi?"

"Haikuwa na barua tangu mwanzo, shemeji," akasema, kwa sauti ya mtu anayesifia mali.

Ikabidi nisomeshwe. Kumbe manowari za Marekani zimekuwa na posta zao ndani tangu sheria ya 1908, na baharia mmoja hupewa kazi ya ukarani, muhuri ukiwa na jina la meli. Basi miaka ya 1930 raia wakapata wazimu. Mtu anaandika anwani yake mwenyewe kwenye bahasha, anabandika stempu kwa pesa zake, anaituma kwa karani wa meli fulani, tafadhali nigongee muhuri tarehe fulani unirudishie. Kisha anakaa kusubiri bahasha yake ijirudie. Meli ikianza kuundwa, bahasha. Ikishushwa majini, bahasha. Sikukuu ya Washington, bahasha, tena yenye mchoro wa rangi upande wa kushoto. Mwaka 1932 wakaunda hadi chama, Universal Ship Cancellation Society. Ninamwonea huruma yule karani. Amejiunga na jeshi aione dunia, anaishia kugonga mihuri kwenye bahasha tupu za watu wasiomjua.

Hii ya shemeji imetoka USS Ward, manowari ya aina ya destroya, na hapo ndipo nilipozidi kuudhika, maana meli yenyewe ina habari tamu na mimi nilikuwa nimekusudia kununa jioni nzima.

Iliundwa Mare Island, California. Waliweka msingi wake tarehe 15 Mei 1918, na tarehe 1 Juni ikawa imeshushwa majini. Siku 17! Fundi wangu wa Nakuru amekuwa akijenga ukuta wa ua tangu nilipokuwa na nywele, na kila nikimpigia simu tatizo ni mchanga. Wenzake wanatoa meli ya vita yenye urefu wa mita 95 kabla mchanga haujafika. Julai ikakabidhiwa rasmi, Novemba vita vikaisha, na 1921 ikatiwa kufuli. Ikalala karibu miaka 20, yaani neema yote ile ya bahasha ilipita yenyewe imesinzia. Ilirudishwa kazini Januari 1941, na mwisho wa mwaka huohuo Marekani ikaingia vitani, majina ya meli yakaondolewa kwenye mihuri adui asijue nani yuko wapi. Ndiyo maana muhuri wenye jina la Ward una bei ya kipuuzi.

Sasa sikia. Walioitwa kuiendesha wengi wao walikuwa askari wa akiba wa mji huuhuu wa St. Paul, watu wa maziwa yanayoganda, wakapelekwa Hawaii. Asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1941, nahodha William Outerbridge akiwa na siku mbili tu kazini, wakaona mnara wa nyambizi ndogo ukinyemelea mlango wa Pearl Harbor. Saa 12:45 wakafyatua. Kombora la kwanza likapita juu, la pili, la mzinga namba 3, likapiga mnara. Wakaongeza mabomu ya chini ya maji, kisha wakatuma taarifa makao makuu.

Na makao makuu? Wakubwa wakataka ithibitishwe kwanza. Simu ikapigwa huku, mwingine akatafutwa kule. Saa 1:55 mabomu ya Wajapani yakaanza kuanguka. Bahasha isiyo na neno hata moja imefika salama mpaka kwenye meza yangu ya chakula, lakini ujumbe wa maana kuliko yote uliowahi kutoka kwenye meli ile ulikwama kwa maafisa saa nzima.

Baadaye wako waliotilia shaka hiyo nyambizi, mpaka Agosti 2002 ilipopatikana chini ya bahari, tundu la kombora kwenye mnara.

Mzinga namba 3 wenyewe uko hapa mjini, kwenye viwanja vya Capitol, jengo la bunge la jimbo. Shemeji alinikokota kwenda kuuona. Akaugusa bila glavu, kwa baridi ile, halafu akanilaumu mimi kwa vidole vyake. Hapo hapo, akipuliza mikono, akanimalizia hadithi. Tarehe 7 Desemba 1944, miaka mitatu kamili, ndege ya Kijapani ya kujiua iliigonga Ward katika ghuba ya Ormoc, Ufilipino. Moto ukashindikana, mabaharia wakahamishwa, na destroya nyingine, USS O'Brien, ikaamriwa kuizamisha kwa mizinga. Nahodha wa O'Brien alikuwa nani? Outerbridge yuleyule.

Nilikaa kimya kidogo, nakiri. Shemeji akadhani nimelainika.

"Kwa hiyo unaona, shemeji, Ward peke yake haitoshi. Lazima na O'Brien ziwe pamoja." Akatoa simu, akanionyesha picha ya bahasha nyingine. "Mnada unafungwa leo usiku. Kadi yako ya benki umekuja nayo?"