Simu ya Mama wa Kanisa

Simu yangu imehukumiwa kifungo cha maisha. Mimi mwenyewe sina kesi: natembea Bunia nzima, nakula sombe, nanunua mega kama raia wengine. Mfungwa ni simu, na wala si yeye aliyetenda kosa.

Niliinunua mkononi, jirani na soko, kwa kijana aliyekuwa na simu tatu mfukoni na chaja moja ya kuthibitisha kwamba zote zinawaka. Ufa mwembamba ulianzia pembeni mwa kioo ukaishia penye saa, kiasi kwamba mpaka leo sijui vizuri kama ni saa moja au saa saba. Kijana akaapa: "Tonton, hii ilikuwa ya mama mmoja wa kanisa. Alikuwa anapigia tu." Sikushangaa. Kwetu kila simu ya mkononi ilikuwa ya mama wa kanisa, na kila pikipiki inayouzwa ilikuwa ya padri.

Mpwa wangu aliidaka kabla sijatia laini. Tukasubiri usiku, mega zinapokuwa rahisi, tukapakua mchezo wa bunduki ambao vijana wote wa kartie yetu wanaucheza. Sitautaja jina, wasije wakanifunga na mimi. Ulishuka kidogo kidogo mpaka majogoo. Dogo akaufungua, likatokea tangazo jekundu kwa Kifaransa: kifaa hiki kimefungiwa daima kwa sababu ya udanganyifu. Akalisoma mara mbili, kisha akasema kwa heshima kabisa, "Tonton, yule mama alikuwa anapiga watu risasi za kichwa akiwa nyuma ya ukuta."

Ikabidi anisomeshe. Kuna programu zinazokulengea shabaha, wewe kazi yako ni kushika simu tu. Kuna nyingine zinazokuonyesha adui alikojificha, hata akiwa ndani ya nyumba. Wenye michezo wakaona kwamba mdanganyifu ukimfungia akaunti, anafungua nyingine chai yake haijapoa, ndipo wakaanza kukifungia kifaa chenyewe. PUBG Mobile, kwa mfano, wanajulikana kwa adhabu ya miaka 10. Aliyepanga adhabu za namna hii bila shaka anaishi mahali ambapo simu ina mwenyewe mmoja. Hapa kwetu, ndani ya miaka 10, simu imeshakuwa ya mwanafunzi, ya askari, ya mama anayeuza samaki wa Tchomia, na pengine, kwa miezi michache, ya mama wa kanisa wa kweli. Wote hao wanarithi kifungo pamoja na ufa wa kioo.

Nikaifuta simu yote, ikarudi kama ilivyotoka kiwandani. Tangazo nalo likarudi. Nikakata rufaa. Fomu ilidai risiti ya dukani. Nikaeleza kwa Kifaransa changu cha barua za kuomba kazi, kile chenye salamu ndefu mwishoni, kwamba muuzaji hakunipa risiti bali alinipa kava la simu nyingine. Jibu liliingia kabla sijaiweka simu mezani: wamechunguza kwa makini, na uamuzi haubadiliki. Simu nimebaki nayo. Napigia tu.

Dogo sasa anacheza kwa simu ya rafiki yake, na huko nako anashitakiwa kila siku. Kosa lake ni mtandao. Seva anazochagua ziko Ulaya au Mashariki ya Kati, na wingu likitanda tu upande wa Mudzipela, mawasiliano yanaanza kusitasita. Mchezaji wa ng'ambo anamwona mtoto wetu amesimama wima mlangoni, hatikisiki. Mtandao ukirudi, mtoto yuko mgongoni kwake na bunduki. Mtu wa watu anaona uchawi, anabonyeza kitufe cha kushitaki. Laiti angejua upande huu mambo yalivyo! Dogo mara nyingi anapata habari za kifo chake akiwa bado anakimbia.

Sisemi wadanganyifu waachwe. Napenda mtego waliotega Valve kwenye Dota 2 mwezi wa pili 2023: walificha ndani ya mchezo data ambayo mchezaji wa kawaida hawezi kuifikia kamwe, ni zile programu za wizi tu zinazoisoma. Walionaswa walikuwa zaidi ya akaunti 40,000. Lakini walionifurahisha zaidi ni watu wa Fall Guys, ambao mwaka 2020 waliwatenga wadanganyifu kwenye kisiwa chao, wakacheza wao kwa wao bila kuambiwa. Ila mchezo ulihitaji watu wa kutosha ili uanze, na wezi walipokuwa wachache, aliyetangulia alibaki akiporomoka hewani bila kufika chini, akiwangoja wenzake. Ni kama gari la Mahagi, haliondoki mpaka lijae. Kisiwa kilikuja kufungwa, maana wakazi wake walianza kurusha video za mambo waliyokuwa wakifanyiana, na watu wakadhani mchezo wote umeoza.

Sisi kwenye kibaraza tunacheza dame kwa vizibo vya bia, upande mmoja vimefunuliwa, upande mwingine vimefunikwa. Mdanganyifu wetu ni fundi viatu. Ana mtindo wake: kidole cha shahada kinasukuma kizibo kimoja mbele ya macho ya watu wote, na kidole cha mwisho, chini ya kivuli cha mkono, kinasogeza cha pili. Juzi akanaswa mchana kweupe. Baraza likakaa hapo hapo, mashahidi wakasikilizwa wote kwa mpigo, akafungiwa kucheza mpaka kesho. Alipokea hukumu bila rufaa. Akasimama, akapangusa vipande vya ngozi magotini, akabeba ubao, kwa kuwa ubao ni wake, akaenda zake nyumbani. Tukabaki tumeshika vizibo.

Msamaha wa jumla ulitangazwa kabla hajavuka barabara.