Sindano ya Mama Watoto

Mama mkwe alipiga simu Jumatano kutoka Kajiado. Jumamosi angekuja na mbegu za maharagwe na miche ya managu, na angefurahi akikuta shamba limelimwa. Shamba lenyewe ni kile kipande kilichosalia kwenye ploti yetu ya hamsini kwa mia hapa Kitengela, baada ya nyumba, tangi la maji na banda la kuku kuchukua fungu lao. Nikamwambia, "Usijali, Mama, mashine ipo."

Ilikuwepo kweli. Ni kijitrekta cha mkono tulichonunua kwa ubia na shemeji. Mara ya mwisho kunguruma ilikuwa kabla ya mafuriko ya Aprili 2024, yale yaliyowatoa watu wa Kitengela majumbani kwa boti. Shamba liligeuka bwawa, tukaisukuma mashine stoo na kuifunika kwa magunia ya chakula cha kuku. Sasa ilikuwa Oktoba.

Alhamisi nikavuta kamba hadi bega likalia. Nikanunua plagi mpya. Nikafunga choki, ikawaka! Nikaifungua choki, ikazima. Nikafanya hivyo mara sita, na majirani wakahesabu.

"Baba Watoto," mke wangu akauliza kutoka dirisha la jikoni, "hiyo petroli ni ya lini?"

Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa tayari na maelezo. Nilisema tumeuziwa petroli iliyochanganywa na mafuta taa. Akanikumbusha kwamba tangu 2018 serikali iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili wachanganyaji wasipate faida. Nikahamia kwenye hewa: tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini inakosa petroli. Baadaye nilikuja kujua kwamba nilikuwa nimeigeuza hoja kichwa chini miguu juu. Hewa ikiwa nyepesi, petroli ndiyo inayozidi. Injini inayoishi kwa choki tu inalilia petroli, kwani choki huziba hewa ili injini ifyonze mafuta kwa nguvu. Mahali fulani njia ya mafuta ilikuwa imebana.

Usiku nikaifungua kabureta juu ya meza ya jikoni. Nilifukuzwa kabla ya kugeuza skrubu ya pili, na haki yake, maana jiko la gesi lilikuwa linawaka hatua mbili tu kutoka hapo. Nikahamia barazani na tochi. Ndani ya kikombe cha chini, chini ya kiboya, petroli ya miezi sita ilikuwa imekauka ikaacha gundi ya rangi ya chai, inayonuka kama rangi ya mlango iliyochacha. Katikati palisimama jeti, kipande cha shaba ya njano chenye tundu jembamba kama unywele. Nililielekeza kwenye tochi, nisione mwanga.

Basi nikachukua sindano ya mke wangu ya kushonea, nikachokoa. Nikachokoa vizuri sana.

Ijumaa asubuhi mashine iliwaka bila choki, nikatazama dirisha la jikoni kwa fahari. Kisha moshi mweusi ukafunika nguo za jirani kwenye kamba. Nikazungusha skrubu ya kabureta kushoto, kulia, kushoto tena, bila kuhesabu mizunguko. Moshi ukazidi.

Nikamwita kijana anayetengeneza pikipiki za bodaboda pale stejini. Akachomoa plagi mpya, nyeusi kama sufuria ya githeri ya kuni. Akaitoa jeti, akaiinua juani, akafumba jicho moja.

"Mzee, hapa mlipitisha sindano?"

Mke wangu, watoto na jirani mwenye nguo wote wakanitazama. Kijana akaeleza kwa upole kwamba tundu lile hupimwa kiwandani, na chuma cha sindano hulipanua. Yeye huloweka jeti, huipuliza, na ikikataa kabisa hutumia uzi mmoja wa waya wa shaba, ambao ni laini. Yangu ilikuwa ya kutupwa. Akamwaga petroli ya zamani, akafunga jeti mpya, akakaza ile skrubu hadi mwisho polepole na kuirudisha mzunguko mmoja na nusu. Injini ikanguruma vizuri. Usiku ikanyesha.

Jumamosi mama mkwe alinikuta nyuma ya mashine iliyokuwa imezima baada ya dakika kumi. Ikapumzika, ikawaka, ikazima tena. Alisimama akiitazama, kikapu cha miche mkononi.

"Mwanangu, mtungi wa lita ishirini ukiuziba juu, maji hutokaje?"

Akalegeza kifuniko cha tangi. Kikapumua, fsss. Nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo ndani ya kitundu cha hewa. Mama akavunja mwiba wa mgunga kwenye ua, akakichokoa, akanirudishia kifuniko.

Sasa ililia bila kusita, lakini udongo wetu mweusi ulikuwa umelewa mvua. Ulizunguka visu vya mashine kama ugali kwenye mwiko, magurudumu yakazama. Mama akaenda stoo mwenyewe kutafuta jembe.

Jioni mke wangu aliipeleka mashine stoo. Alifunga bomba la petroli, akaiacha injini ilie mpaka ikamaliza mafuta yote kwenye kabureta na kuzima yenyewe. Kisha akaja kuniuliza sindano yake iko wapi, kifungo cha shati la shule kimetoka.