Jinsi ya Kucheza Vibaya Ili Usikie Vizuri

Miongozo yote ya magemu ya zamani inakufundisha kushinda. Utaambiwa bomba lipi lina njia ya mkato, tofali lipi limeficha uyoga, adui gani anarukwa na yupi anakwepwa. Mwongozo huu hautakusaidia kushinda chochote. Ukiufuata ipasavyo utaishiwa na muda, utazama majini, utakufa ukiwa umesimama palepale ulipoanzia, na ndugu zako wanaosubiri zamu watakulalamikia. Lakini utausikia muziki, na muziki ndio uliofanya magemu haya ya kukimbia na kuruka yakae vichwani mwa watu kwa takriban miaka 40.

Maandalizi ni machache. Chagua saa ambayo hakuna mwenye haki ya kukuondoa kwenye televisheni. Kama mdogo wako anasubiri, mpe yeye kwanza acheze hadi achoke, maana kazi unayokwenda kuifanya itamuudhi. Weka simu mbali. Usianze na zile rekodi za okestra zilizojaa mtandaoni. Ni nzuri na wapigaji wake ni mafundi, ila okestra haijui kwamba umeruka. Muziki wa gemu la kuruka umetungwa uishi pamoja na kidole gumba chako, na ukiutenganisha nacho unabaki na nusu yake.

Somo la kwanza: simama.

Weka Super Mario Bros., lile la mwaka 1985, na steji ya kwanza ikifunguka usibonyeze kitu. Saa iliyo juu ya kioo inaanzia 400 na kushuka. Pale Mario anapoanzia ni mahali salama, kwa sababu maadui wa steji hii hutokea tu kioo kinaposogea. Madhali hujatembea, hakuna atakayekufikia. Sikiliza kwa nafasi.

Mtunzi ni Koji Kondo, aliyeajiriwa na Nintendo mwaka 1984. Chipu ya mashine ya Famicom ilimpa njia tano za sauti, na katika gemu hili alitumia nne. Mbili ni za mawimbi ya mraba, zile sauti kali zinazopenya hata kwenye spika mbovu. Moja inaongoza wimbo na nyingine inaisindikiza. Ya tatu ni wimbi la pembetatu, laini zaidi, na ndilo linaloshika besi. Wimbi hili haliwezi kupunguzwa wala kuongezwa nguvu. Ama linalia ama limenyamaza, ndiyo maana besi ya Mario inatembea kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho. Ya nne ni mchakacho mtupu, na Kondo ameukatakata vipande vifupi hadi ukafanya kazi ya kayamba. Basi, hiyo ndiyo bendi nzima. Gemu lote, steji 32 pamoja na picha zake na muziki wake, lina kilobaiti 40. Picha moja ya harusi unayotumiwa kwenye simu ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi.

Ukishausikia mzunguko mzima, anza kuruka palepale bila sababu. Mruko una sauti yake, na sauti hiyo haina njia ya peke yake. Lazima iazime mojawapo ya zile nne. Tega sikio: Mario anapopaa, sauti moja ndani ya wimbo inatoweka, kisha inarudi kama vile haikuondoka. Mtu anaweza kucheza miaka mingi asiligundue hili, kwa kuwa sikio hujaza pengo lenyewe. Ndiyo kusema wachezaji wawili hawasikii wimbo uleule. Mwenye pupa ya kuruka ana wake, na anayetembea taratibu akiangalia mbele ana wake. Mimi naliona hili kuwa jambo zuri kuliko yote katika gemu lile, na hakuna rekodi safi itakayokupa.

Sasa subiri. Usiende popote. Itachukua kama dakika mbili saa ishuke hadi 100, maana sekunde za Mario ni fupi kuliko zetu. Hapo italia sauti ya kuonya, kisha wimbo uleule utarudi kwa kasi kubwa. Kwenye kioo hakuna kilichobadilika. Mawingu ni yaleyale, kichaka ni kilekile, hakuna anayekukimbiza. Lakini tazama vidole vyako vilivyoikaza padi. Hofu yote iliyokuingia imetoka kwenye mwendo wa muziki, na ukiondoa ile sauti ya kuonya, Kondo hakuhitaji kutunga kitu kipya ili akutie hofu hiyo. Acha saa ifike 0. Mario atakufa, na wewe utakuwa umefaulu somo.

Haya hayakuja kwa bahati. Wimbo wa kwanza alioutunga Kondo kwa ajili ya steji za nje ulikuwa mpole mno, haukwenda na Mario anavyokimbia. Akauacha, akatunga mwingine kwa kufuata mwendo wa gemu lenyewe. Huo ndio ulioingizwa mwaka 2023 na Maktaba ya Bunge la Marekani kwenye orodha ya sauti zinazostahili kuhifadhiwa, ukiwa muziki wa kwanza wa gemu la video kuingia humo.

Neno kwa waliomfahamu Mario kupitia mashine za kuiga Famicom, zile zilizofika pia kwenye maduka yetu Afrika Mashariki zikiwa na kaseti moja inayodai kubeba magemu mamia kwa maelfu. Baadhi ya chipu zilizowekwa ndani ya mashine hizo zilikosea upana wa mawimbi ya mraba: penye robo ikawekwa nusu, na penye nusu ikawekwa robo. Noti zilibaki zilezile, lakini rangi ya sauti ikageuka, palipokuwa pembamba pakanenepa na palipokuwa panene pakakonda. Kama uliwahi kuisikia mashine ya asili ukahisi kuna kitu hakiko sawa, huenda sikio lako lilikuwa sahihi. Wala usikubali kuambiwa kwamba Mario wako ni wa bandia. Uliyempenda utotoni ni huyo, msikilize huyohuyo.

Somo la pili ni maji, nalo lina sehemu tatu. Karibu kila gemu kubwa la kuruka lina steji ya majini, na wachezaji wengi huzichukia steji hizo kwa sababu mwendo unakuwa mzito. Watunzi wa muziki ndipo walipopata nafasi ya kupumua. Ukitaka kujua hisia za gemu zinatoka wapi, chukua maji yaleyale uyasikilize kwa watu watatu.

Anza tena na Mario, steji ya pili ya dunia ya pili. Kondo ameweka walzi humo, mapigo matatu-matatu, ya watu wanaozunguka ukumbini wameshikana mikono. Pigo la kwanza linakubonyeza chini, mawili yanayofuata yanakuinua, na ukibonyeza kitufe cha kuogelea kwa kufuata mapigo hayo utaona Mario anacheza dansi. Usiwahi mlango wa kutokea. Kaa humo uzunguke naye.

Halafu nenda kwa Sonic the Hedgehog wa mwaka 1991, kwenye mashine ya Mega Drive. Muziki wake umetungwa na Masato Nakamura, mpiga besi wa bendi ya Kijapani ya Dreams Come True, na ubesi wake unausikia tangu steji ya kwanza, Green Hill, ambako sauti za chini zinaimba kama za juu. Ila wewe usikae Green Hill. Fika Labyrinth, kwenye maji, uingie ndani na usitoke. Sonic hajui kuogelea. Kwa muda wimbo wa steji utaendelea, huku mlio mdogo ukikuonya mara kwa mara. Kisha wimbo unakatwa. Badala yake unakuja mdundo mfupi unaojirudia, kila mara kwa haraka zaidi, na juu ya kichwa cha Sonic zinatokea namba zinazohesabu kurudi nyuma kutoka 5.

Hapa mchezaji mwenye akili timamu hutafuta povu la hewa. Wewe usilitafute. Kaa uusikilize mdundo ule hadi mwisho, mara moja tu, kwa heshima. Najua ni vigumu. Kifua kinabana, na mtu hujikuta ameshikilia pumzi yake mwenyewe sebuleni. Ni vipigo vichache mno, na bado sijui wimbo mwingine wa gemu unaoingia mwilini moja kwa moja namna ile. Ukishazama, rudia, na safari hii limeze povu mwishoni kabisa. Wimbo wa kawaida wa steji utakaporudi utauona mtamu kupita kiasi, wakati dakika moja iliyopita hukuwa hata ukiusikiliza.

Maji ya tatu ndiyo yaliyonifanya niandike mwongozo huu. Donkey Kong Country ilitoka mwaka 1994, kazi ya kampuni ya Rare kutoka kijiji cha Twycross, Uingereza. Steji ya nne inaitwa Coral Capers, na wimbo wake, Aquatic Ambiance, ni wa David Wise. Alivutiwa na kinanda cha Korg Wavestation, ambacho hutengeneza sauti kwa kuunga mawimbi mafupi, moja likififia ndani ya lingine, hata huwezi kusema noti imeanzia wapi. Kinanda cha namna hiyo hakiingii kwenye kaseti. Chipu ya sauti ya Super Nintendo, iliyobuniwa na Ken Kutaragi wa Sony, ina njia nane na kumbukumbu ya kilobaiti 64, na ndani ya hizo lazima zikae ala, noti na milio ya gemu kwa pamoja. Wise akachukua vipande vidogo mno vya mawimbi, akavipanga vipokezane, akaviandika kwa tarakimu hadi mashine ile ndogo ikaanza kupumua.

Namna ya kuusikiliza ni hii. Ingia majini, kisha ondoa mikono kwenye padi. Sokwe atashuka polepole. Hakuna saa inayohesabu, hakuna hewa inayokwisha, na ukikaa mbali na samaki wenye meno hakuna haja ya kufanya lolote. Mwanzoni hutapata wimbo wa kuimba. Utapata sauti zinazopanda na kushuka bila haraka, zikiachiana nafasi. Wimbo wenyewe unakuja baadaye, ukiwa umeshasahau kuungoja, na una huzuni ambayo hakuna mtu aliyeitarajia kwenye gemu la sokwe mwenye tai nyekundu anayesaka ndizi zake zilizoibwa. Usiitafutie sababu huzuni hiyo, wala usiipe hadithi. Kaa nayo mzunguko mmoja, halafu wa pili. Ukiulizwa na wa nyumbani mbona hucheki wala husogei, jibu kwamba unacheza.

Somo la tatu ni fupi: usiogope kimya. Prince of Persia la Jordan Mechner, la mwaka 1989, lina muziki wa baba yake, Francis Mechner, lakini muziki huo huja mara chache na kuondoka. Sehemu kubwa ya gemu unasikia nyayo zako tu, malango ya chuma yanayopanda, na vigae vinavyolegea na kuanguka, huku ukiwa na dakika 60 za kumwokoa binti mfalme. Tembea polepole gerezani humo. Naye Hirokazu Tanaka, kwenye Metroid ya mwaka 1986, alitaka mchezaji asiweze kutenganisha muziki na milio ya gemu, na kwa makusudi alikunyima wimbo wa kuimba hadi mwisho, ukishashinda. Hilo ndilo gemu pekee katika mwongozo huu ambalo nakuruhusu ulimalize.

Kwa anayeanza leo na ana nafasi ya kujaribu gemu moja tu, jibu langu ni Super Mario World la mwaka 1990. Ni la Kondo tena, na ndani yake tuni moja inavalishwa nguo tofauti: nje inakimbia, majini inayumba, pangoni inanong'ona, na watu wengi wamelimaliza gemu bila kujua kwamba ni tuni ileile. Fika mahali unapompata Yoshi, yule dinosau ambaye Mario humpanda. Mpande, na ngoma ndogo za mkono zitaingia ndani ya wimbo. Shuka, zitaondoka. Panda, shuka, panda tena, bila kwenda kokote. Kisha muite mtoto wa nyumbani ambaye hajawahi kulicheza, mpe padi, na usimwambie kitu kuhusu ngoma. Aigundue mwenyewe.